Koti Lililoposwa na Darasa la Sita

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kuwafungia Darasa la Sita."

Mwalimu mkuu wetu aliweka kalamu chini. "Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu."

"Sasa unawafungia kwa kosa gani?"

"Si kosa, Mkuu. Ni hisabati."

Nikaona usoni mwake kwamba nimeanza vibaya. Hilo ni tatizo langu la siku zote: napenda sana kueleza, lakini huanzia katikati. Basi nikavuta kiti nikaanza upya, na wewe msomaji, kama hujawahi kuusikia mchezo huu, sikiliza pamoja naye.

Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya walimu pale mjini Singida. Mwezeshaji wetu, kijana mchangamfu aliyekuwa hatulii kwenye kiti, alituambia kwamba kwenye miji mikubwa watu huingia chumbani kwa hiari yao, mlango ukafungwa, na hawatoki mpaka wafumbue mafumbo yaliyofichwa humo ndani. Fumbo la kwanza linakupeleka kwenye la pili, la pili linakupeleka kwenye la tatu, na la mwisho linakupa ufunguo. Kuna walimu waliouchukua mchezo huo wakauingiza darasani. Badala ya mafumbo wanaficha maswali ya somo. Mtoto anakokotoa ili atoke, na katika kutafuta njia anauliza, anabishana, anakosea, anarudia. "Na kazi ya mwalimu," kijana akasema huku ameinua kidole, "ni kunyamaza."

"Watu wazima wanalipa kiingilio ili wafungiwe?" Mkuu akauliza.

"Wanalipa."

"Hao hawana mashamba."

Nikamwambia kwamba mimi sikuwa nawawazia hao, nilikuwa naliwazia Darasa la Sita. Hapo akaacha mzaha, kwa sababu Darasa la Sita alilijua.

Lilikuwa darasa zuri kupita kiasi. Shule yetu iko upande wa Mtinko, na watoto wake wanatoka kwenye nyumba ambazo mtoto hujifunza shikamoo kabla ya kujifunza kutembea. Niliwapenda sana. Lakini tangu mwaka uanze hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali. Nikiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima linaitika, "Ndiyo, Mwalimu!" Nikisahihisha madaftari nakuta hawakuelewa kitu. Siku moja nikaamua kuwajaribu. Nikaandika ubaoni, nikageuka, nikasema kwa sauti yangu ileile ya kila siku, "Kwa hiyo mbili jumlisha mbili ni ng'ombe. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Nilitoka nje nikacheka, kisha nikakaa kwenye jiwe nikawa karibu kulia. Mtoto anayekubali kwamba mbili na mbili ni ng'ombe si mjinga. Ana adabu tu. Kwake, kumwambia mtu mzima "sijaelewa" ni kama kumwambia "hujaeleza vizuri", na nani atathubutu? Mimi nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kidogo sana: mtoto mmoja aniulize nimekosea wapi. Mmoja tu. Wengine wangefuata.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mzima mtaratibu, na pale kijijini alijulikana zaidi kwa jambo lingine kuliko hata ualimu: alikuwa mtu wa posa. Hakuna msichana wa vijiji vile aliyeolewa bila Mkuu kuitwa ama upande wa kuomba ama upande wa kuombwa. Alijua lini kikao kinyamaze, lini kikohoe, na lini kikatae kwanza ili kikubali vizuri baadaye. Kwa hiyo hata jibu lake kwangu lilikuja kama majibu ya posa, polepole na likiwa na masharti.

"Nakupa kipindi kimoja," akasema. "Kikienda vizuri tutaona. Kikiharibika, unarudi kwenye chaki yako, na sitaki kusikia tena habari za kufungiana kwenye shule yangu."

Nikashukuru, nikaondoka haraka kabla hajauliza zaidi.

Jambo la kwanza lililonisumbua ni kwamba darasa lenyewe halikuwa na kufuli. Mlango wetu hufungwa kwa jiwe. Ukilitoa jiwe, upepo unaufungua, ukilirudisha, unafungika. Nikaamua kwamba watoto wafungiwe kwa maneno, wakubali tu kwamba wamefungiwa. Kufuli la kweli nikaliweka kwenye sanduku langu la bati, lile nililosomea sekondari, ambalo siku hizi linatunza mablanketi.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kijana wa semina alisisitiza kwamba ndani ya sanduku lazima kiwepo kitu ambacho watoto wanakitaka kwa moyo wote. Nikafikiria peremende. Nikafikiria kalamu. Halafu, nikipita nyuma ya jiko la shule, nikanusa maharage, na wazo likanijia ambalo wakati ule niliona ni la busara kabisa.

Mpishi wetu alikuwa mama mnene mcheshi, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka bonde la pili. Ufunguo wa stoo ya chakula ulikuwa shingoni mwake kwa kamba, na mle stoo ndimo ulimokuwa unga wote wa ugali waliouchanga wazazi.

"Nikuazime ufunguo?" akasema. "Mwalimu, huu haujawahi kutoka shingoni mwangu hata nikioga."

"Ni kwa kipindi kimoja tu. Nauweka kwenye sanduku, watoto wanatafuta, wanaupata, wanakuletea wenyewe mbio mbio."

"Na wasipoupata?"

"Watapata, mama. Ni maswali ya Darasa la Sita."

Akanitazama. "Nisikilize. Maharage yako motoni. Nikimaliza hayo nateleka maji ya ugali. Maji yakichemka, nataka unga. Maji hayajui semina."

Akauvua. Nilijiona nimepewa nyota.

Siku ya mchezo ilikuwa ya mwezi wa saba. Anayeijua Singida anajua upepo wa mwezi huo: unakuja moja kwa moja, hauna kona, unapita katikati ya sweta kama hujavaa. Mimi huvaa koti kubwa la mtumba, la rangi ya kahawia, lenye mifuko mirefu inayofika karibu magotini. Asubuhi ile nikaliweka koti kwenye mgongo wa kiti changu mbele ya darasa. Ndani ya mfuko wa kulia kulikuwa na ufunguo mdogo wa sanduku. Sanduku lilikuwa juu ya meza, na ndani yake ufunguo wa stoo. Mkuu alipita dirishani, akalitazama sanduku, akatazama mlango uliofungwa kwa jiwe.

"Wamefungiwa?"

"Wamefungiwa, Mkuu."

"Kwa jiwe?"

"Na kwa maneno."

Akaguna, akaendelea na safari yake.

Nikawaeleza watoto kanuni. Nikawaambia ndani ya sanduku kuna ufunguo wa stoo. Macho yakatoka. Nikawaambia ruhusa ya kutembea, kunong'ona, hata kubishana, wanayo. Nikawaambia mimi nitanyamaza. Mmeelewa?

"Ndiyo, Mwalimu!"

Fumbo la kwanza lilikuwa ubaoni: tatu jumlisha nne zidisha mbili, jibu ni namba ya dawati. Kundi kubwa likakimbilia dawati la kumi na nne, na chini yake wakakuta karatasi niliyoiandika jana yake: "Poleni. Zidisha kwanza." Wakatazamana. Nikaona midomo ikicheza, kisha wakahamia dawati la kumi na moja, na huko wakapata fumbo la pili. Mstatili wenye eneo la ishirini na upana wa nne: urefu wake ni dirisha la ngapi ukihesabu kutoka mlangoni? Wakahesabu kwa vidole, wakafika la tano, wakachomoa karatasi kwenye ufa wa dirisha. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Upepo ukasukuma jiwe, mlango ukafunguka wote, na hakuna aliyetoka. Mtoto mmoja akaenda akaurudisha na jiwe lake, akasema kwa heshima, "Tumefungiwa." Kuku mmoja aliyekuwa ameingia naye akabaki ndani.

Karatasi ya tatu na ya mwisho ilisema: "Ufunguo wa sanduku umelala pale ambapo upepo wa Singida haufiki, na ambapo Mwalimu hutia mikono yake asubuhi."

Walijua mara moja. Niliona vichwa vyote vikigeuka kama alizeti, vikalitazama koti langu.

Kisha hakuna aliyesogea.

Nilisubiri. Nikajifanya nasoma ramani ukutani. Nyuma yangu nikasikia minong'ono.

"Wewe nenda."

"Nenda wewe, si ndiye kiranja?"

Kiranja alikuwa mvulana mrefu, mwenye sauti iliyoanza kukatika kwa kubalehe. "Mimi kiranja wa darasa," akanong'ona, "si kiranja wa mifuko ya walimu."

"Ingiza mkono tu, uchukue."

"Ingiza wako. Mama yangu anasema mfuko wa mtu mzima ni chumba chake cha kulala."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Waliotunga mchezo huu waliutunga kwa watu wanaofungua kila droo wanayoiona. Mimi nilikuwa nimeficha ufunguo mahali pekee darasani ambapo mtoto wa kwetu, hata akiwa na njaa, hata akiwa ameruhusiwa, hawezi kuingiza mkono. Afadhali ningeuficha ndani ya mzinga wa nyuki.

Kwa kuwa nilikula kiapo cha kunyamaza, nikajaribu kusaidia kwa miguu. Nikahama kabisa, nikaenda kusimama kwenye kona ya mbali, nikiliacha koti peke yake. Ikawa mbaya zaidi.

"Ameondoka! Chukua sasa!"

"Wee! Akiwa karibu ni utovu wa adabu. Akiwa mbali ni wizi."

Dirishani ukatokea uso wa mpishi. "Mwalimu. Maji yanaanza kuimba."

"Bado kidogo, mama."

Pale konani nilipokuwa nimesimama ndipo dirisha lenye kioo kilichovunjika. Upepo ukanipata sawasawa. Nikaanza kutetemeka, kwanza mabega, halafu meno. Watoto wakaniona. Wakanong'onezana tena, na safari hii msichana mmoja mdogo akainuka bila kusukumwa na mtu. Huyu alikuwa anakaa dawati la mbele na akicheka hufunika mdomo kwa mkono wote. Alikwenda kwenye kiti changu. Akalinyanyua koti kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Nikafikiri: huyo, huyo, ingiza mkono, binti yangu! Akaja mpaka pale nilipo, akapiga goti kidogo.

"Mwalimu, vaa. Baridi itakuua."

Akanivisha. Ufunguo ukagonga mfukoni, kling, darasa zima likausikia, na yule msichana akarudi kukaa, amefurahi kwamba amefanya jambo jema.

Sasa ufunguo ulikuwa umefungwa ndani ya koti na koti limefungwa ndani ya mwalimu.

"Mwalimu!" Mpishi tena. "Maji yamechemka!"

"Ongeza kidogo ya baridi, mama."

"Niongeze maji kwenye maji? Nampikia nani, samaki?" Akaondoka, na kwa jinsi alivyoondoka nikajua anakwenda ofisini.

Haikupita muda mrefu. Jiwe likasukumwa, mlango ukafunguka, Mkuu akaingia, na nyuma yake mpishi na mwiko wake. Watoto wakasimama wote. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

"Marahaba. Kaeni." Hakuwa anacheka. "Mwalimu, naambiwa shule nzima haina unga. Ufunguo wa stoo uko wapi?"

"Kwenye sanduku, Mkuu."

"Na ufunguo wa sanduku?"

"Kwenye koti."

"Na koti?"

"Nimelivaa."

Mpishi akapiga paja. Mkuu akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Basi utoe, Mwalimu. Kipindi kimeharibika. Toa ufunguo, watoto wale."

Alikuwa na haki. Nikaingiza mkono mfukoni. Niliushika ule ufunguo mdogo, ulikuwa wa baridi, na nilijua kwamba nikiutoa tu, mchezo umekwisha, leo na siku zote, na Darasa la Sita litarudi kuitika "Ndiyo, Mwalimu" mpaka litakapomaliza shule. Nikaanza kuutoa.

"Hodi."

Tukageuka. Msichana wa dawati la mbele alikuwa amesimama katikati ya darasa, anagonga ubao wa dawati kwa kidole. Yumo ndani, lakini anapiga hodi.

"Hodi wenyewe," akasema tena, sauti ikitetemeka.

Na Mkuu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaitika, "Karibu."

Nataka uelewe uzito wa neno hilo. Kwetu mtu akishaitikia hodi, yeye ndiye mwenye nyumba, na mgeni ana haki ya kusikilizwa. Nilimwona Mkuu akishtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji gizani. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Msichana akapiga goti. Wiki iliyopita kwao kulikuwa na posa ya dada yake, hilo tulilijua wote, kwa sababu Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba ile. "Baba," akasema, "sisi ni wageni. Tumetoka mbali. Katika kupita kwetu tumeliona koti. Tumelipenda. Tunaliomba."

Darasa likaangua kicheko, kisha likajizuia. Mimi niliuma mdomo. Mpishi aliweka mwiko kifuani. Mkuu alibaki wima, uso umekaza, na niliona wazi mambo mawili yakipigana ndani yake: ualimu mkuu kwa upande mmoja, na posa kwa upande mwingine.

Posa ikashinda.

"Hapana," akasema. "Siyo hivyo. Nani anaomba posa peke yake? Wenzako wako wapi? Na unasema 'tumeliona' hivihivi, kama mtu aliyeona embe? Mgeni kwanza anaulizwa habari za njiani. Rudi. Anza upya, na uje na watu."

Akavuta kiti changu, akakaa, akavua miwani. Sikuwahi kumwona akivua miwani shuleni. Hiyo ilikuwa desturi yake ya kwenye vikao vya posa.

Msichana akarudi nyuma, akawachagua kiranja na wengine wawili, wakajipanga mlangoni kwa adabu, wakapiga hodi. Wakakaribishwa. Wakaulizwa habari za njiani. Kiranja akasema upepo ulikuwa mkali lakini ng'ombe wazima. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Koti tunalo," akasema. "Lakini limelelewa. Halitoki hivihivi. Mahari yetu ni ng'ombe wanne, na ng'ombe wetu sisi ni majibu. Mko tayari?"

"Ndiyo, Baba!"

Hata mimi niligundua kwamba hiyo haikuwa "Ndiyo, Mwalimu."

"Ng'ombe wa kwanza. Tano jumlisha sita zidisha tatu."

Kiranja hakukawia. "Thelathini na tatu!"

Mkuu akamtazama huyo ng'ombe asiyeonekana, kuanzia pembe mpaka kwato, kwa muda mrefu. Akainama kidogo kuangalia miguu. "Huyu anachechemea," akasema. "Mrudisheni."

Kimya. Hiki kilikuwa kimya ninachokijua, kile cha kila siku, kinachokuja mtu akikosea, na baada yake hakuna anayesema tena. Nilimwona kiranja akitazama viatu vyake. Nikafikiri, basi, imeishia hapa.

Msichana akainua kichwa. "Baba," akasema, "anachechemea mguu upi?"

Sijui kama wewe ni mwalimu. Kama ni mwalimu huhitaji nikueleze. Kama siyo, niseme tu kwamba swali hilo ndilo nililolisubiri tangu mwaka uanze, na sikutegemea lingekuja likiwa na kwato. Hakusema "sijaelewa". Hakumkosoa mtu mzima. Kwenye posa, mwenye ng'ombe ana haki ya kuuliza kwa nini ng'ombe wake amekataliwa. Ni desturi, na hakuna adabu inayovunjika.

Mkuu naye alikwama. Nadhani hisabati yake ilikuwa ya zamani kidogo: kosa aliliona, kulieleza ndiko kulikomshinda. Akanigeukia kwa heshima kubwa. "Mama wa koti, waonyeshe mguu."

Nikachukua chaki. "Hapa," nikasema. "Mmejumlisha tano na sita kwanza. Lakini hawa wawili, sita na tatu, wamefungwa kamba moja, ni wa kuzidisha. Wanakwenda pamoja kwanza. Yule tano anawafuata nyuma."

"Kumi na nane," akasema kiranja polepole. "Na tano... Ishirini na tatu!"

"Huyo mzima," Mkuu akasema. "Mfungeni zizini."

Watoto wakapiga makofi. Madirishani vilianza kutokea vichwa vya Darasa la Nne na la Tano. Ng'ombe wa pili alikuwa robo tatu ya arobaini na nane. Alikuja thelathini na sita, mnono, hana dosari, wakamsifia. Wa tatu alikuwa eneo la pembetatu yenye kitako cha sentimita kumi na mbili na kimo cha saba. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake muhula mzima, akapaza, "Themanini na nne!"

Nikamnong'oneza Mkuu. Mkuu akakunja uso. "Mmeleta ng'ombe na kivuli chake," akasema. "Sisi tunadai mmoja."

"Mguu upi?" wakauliza, safari hii wengi kwa pamoja.

Nikachora mstatili, nikaukata kwa mshazari, nikawauliza pembetatu ni sehemu gani ya mstatili huo. Nusu, wakasema. "Basi na ng'ombe nusu yake!" mtoto wa nyuma akajijibu mwenyewe kwa kelele. "Arobaini na mbili!"

Mpishi alikuwa amevumilia kadiri alivyoweza. "Mimi ni shangazi wa koti," akatangaza, akasogea mbele na mwiko, "na nasema binti amekwisha kukubali. Mpeni! Sufuria linaungua!"

"Shangazi, subiri, mahari haijatimia," kiranja akamjibu, na darasa zima likacheka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaoa.

"Hujui shangazi wa kwetu wewe! Shangazi akisema maji yanakauka, ndoa imekwisha fungwa!"

Ng'ombe wa mwisho akaletwa kwa haraka: asilimia kumi na tano ya mia mbili. Wakabishana, wakakokotoa kwenye vumbi la dawati, wakaleta thelathini. Mkuu akamtazama, akamzunguka, akataka kumkataa kidogo kwa desturi tu, akaona mwiko wa mpishi, akakubali. Mpishi akapiga vigelegele vilivyomfukuza yule kuku nje.

Nilivua koti, nikamkabidhi msichana wa dawati la mbele kwa mikono miwili. Sasa lilikuwa lao. Aliingiza mkono mfukoni bila woga wowote, akatoa ufunguo mdogo, akafungua sanduku, akatoa ufunguo wa stoo, akampa shangazi. Hakuna mtu aliyewahi kumwona mpishi wetu akikimbia kabla ya siku ile.

Tulichelewa kula. Ugali ulikuwa na harufu ya moshi na maharage yalikuwa yameshika chini, na watoto wa madarasa mengine walikula huku wakiwaita wenzao wa la Sita "wakwe". Kwa sababu koti lilikuwa limeolewa, nilirudishiwa kwa mkopo mpaka joto lirudi.

Mchana, baada ya kengele ya kutoka, Mkuu akaniita ofisini. Nikaingia nikiwa nimeshaandaa msamaha. Alikuwa amevaa miwani yake. Alikuwa anasahihisha kitu na hakuinua kichwa.

"Mwalimu."

"Naam, Mkuu."

"Chakula cha watoto hakiingizwi tena kwenye mchezo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mkuu. Haitarudiwa."

"Na ufunguo wa stoo usitoke tena shingoni mwa yule mama. Amenisema mpaka masikio yamechoka."

"Sawa, Mkuu."

Akaandika. Akaendelea kuandika. Nje kwenye uwanja nilisikia watoto wakirudi makwao, na sauti ya kiranja ikikatika ikimwambia mtu, "Sasa unakataa, haya niambie, mguu upi? Mguu upi?" Nilisimama nisijue kama nimeruhusiwa kutoka au nimefungiwa.

"Lile koti," Mkuu akasema hatimaye, bado anatazama karatasi.

"Ndiyo, Mkuu?"

"Lina mdogo wake?"

Nilifikiri haraka. "Lipo sweta, Mkuu. La bluu. Lina mifuko miwili."

Akavua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya shati. "Basi waambie Darasa la Saba," akasema, "waje Jumatatu. Na waje na ng'ombe wazima."